UCHAMBUZI: Kansa ya utumbo yafaa kuwahiwa kabla ya kemotherapia
MKAZI wa Mwihoko, eneobunge la Ruiru, anayehitaji kemotherapia hana tena haja ya kufunga safari ndefu. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019, haiko mbali. Hata hivyo, ukaribu wa dawa haujamaliza tatizo, kwani wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Kansa ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo. Si kila kinyama hugeuka kansa, na kinachogeuka huchukua takriban miaka 10. Muda huo wamtosha daktari kukikata kwa mrija wenye kamera, bila kupasua tumbo.

Kemotherapia haiondoi vinyama hivyo. Kansa ikiwa changa, mara nyingi upasuaji pekee hutosha. Ikiingia kwenye tezi, dawa huongezwa kwa miezi mitatu hadi sita. Ikisambaa hadi kwenye ini, kwa wengi dawa hurefusha maisha tu.

Aliyekuwa Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alitangaza 2019 kwamba kansa yake ilikuwa katika hatua ya nne. Alifariki Julai 26 mwaka huo akiwa na umri wa miaka 41. Damu chooni, basi, haifai kupuuzwa kwa kisingizio cha ujana, wala kudhaniwa kuwa bawasiri tu.

Bima ya SHA, iliyorithi NHIF Oktoba 2024, huwekea tiba ya kansa kikomo cha fedha kila mwaka. Kukata kinyama mapema ni nafuu kuliko miezi ya dawa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.