Nyumba ya Mashirika

Na Mama Bahati

Wiki hii nina hasira, na wanaonisoma siku zote wanajua hasira yangu huwa haikai kifuani. Nilikuwa Titye, kwenye kibaraza cha duka, nikisubiri gari la kwenda Kasulu. Pembeni yangu dalali alikuwa anampangia maisha mwalimu kijana ambaye benki imemkubalia mkopo wa mshahara.

"Ticha, achana na vyumba vya elfu ishirini. Jenga nyumba ya mashirika, haya yanayohudumia wakimbizi, kule Makere. Weka geti, vigae, tangi la maji. Laki nne kwa mwezi, na wanalipa mwaka mzima!"

Mwalimu alikuwa anaandika kila neno kwenye daftari. Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, benki watakukata ngapi?"

"Laki tatu na elfu themanini, mama, kwa miaka mitano. Nitabaki na elfu ishirini kila mwezi, na nyumba ni yangu."

Hatabaki nayo hiyo elfu ishirini. Shirika halilipi pango kama mimi na wewe. Sheria inalitaka likate asilimia 10, kodi ya zuio, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwenye laki nne, elfu arobaini haitafika mkononi mwake. Atapokea 360,000 huku benki ikidai 380,000. Yaani nyumba ikiwa na mpangaji, tena mpangaji mwema, yeye bado anaongezea kutoka kwenye mshahara. Na hapo hatujagusa hela ya dalali, pango la mwezi mzima, ambayo dalali hakuitaja hata mara moja.

"Atapandisha bei," dalali akajibu. "Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, inayoleta mashirika hayo, ipo tangu 1996. Haiondoki."

Huyu ndiye mwanachama hai wa kile tunachokiita hapa Chama cha Tutaona Mbele. Haiondoki? Mtabila, hapa hapa Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Mtendeli ya Kakonko ilipokea Warundi tena Januari 2016, na kufikia mwisho wa 2021 ilikuwa imefungwa. Kambi zikifungwa, magari ya mashirika yanaondoka, na nyumba zilizojengwa kwa ajili yao zinabaki na mageti makubwa na wenye nyumba wanaotafuta mpangaji kwa nusu ya bei. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wa mashirika walipoteza kazi hata pale ambapo kambi zilibaki wazi. Mkataba wa pango haumzuii mtu aliyeachishwa kazi kufunga virago.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Ukiweka mkopo wako juu ya kambi, kila usiku unaomba watu wasipate amani ya kurudi kwao. Mwalimu wa watoto wetu asiwe na dua ya namna hiyo.

Nikamuuliza habari za kiwanja. Kauziwa na mtu wa ukoo, akaandikiwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili. Makere! Hiyo ni ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaiweka chini ya halmashauri ya kijiji. Bila kibali cha halmashauri kilichoandikwa kwenye muhtasari wa kikao, siku huyo muuzaji akifa watoto wake watakuja na karatasi yao, na kesi itaanzia baraza la kata wakati makato ya benki yanaendelea.

Basi afanye nini? Mwalimu anafundisha hapo Titye. Walimu wenzake na wauguzi wanahangaika kupata chumba chenye choo kinachofungwa. Ajenge viwili kwanza, kwa tofali za kuchoma na akiba yake, bila mkopo wa miaka mitano. Choo na maji vitangulie. Nimeona Kasulu mjini vyumba sita vinagombea shimo moja, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini wapangaji hawamalizi miezi mitatu. Aibu! Umeme ukiingia, kila chumba kiwe na sabmita yake, maana ugomvi wa LUKU umevunja ujirani mwingi kuliko wivu. Na ajue kuwa kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi, inakatwa humo humo kwenye LUKU: deni hilo ni la mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji akilipia, apunguziwe kwenye pango.

Kabla gari halijafika nilimwambia dalali aandike kwenye lile daftari kwamba nyumba ikikaa tupu mwaka wa kwanza, atarudisha hela yake ya udalali. Akasema yeye si mtu wa kuandikishana.

Mwalimu, uliniambia hujasaini fomu ya benki. Basi Jumatatu irudishe ikiwa tupu.