Nyama ya muhogo na nyama ya maini



Mama mumoja alirudi toka lopitali na karatasi ya ekografi. Munganga aliandika: parenkima ya maini, kawaida. Mama hakulala usiku mbili, alizani ni jina la ugonjwa. Mama, lala. Parenkima si ugonjwa, na wewe mwenyewe unaikata kwa kisu kila siku jikoni.

Kamata muhogo, toa maganda, uuvunje. Katikati kuna uzi mugumu, ule tunatupa. Pembeni yake ni nyama nyeupe, na hiyo ndiyo parenkima. Ni vyumba vidogo sana (seli), vyenye kuta nyembamba, vimejaa wanga. Uzi unapitisha maji, nyama inaweka akiba ya chakula. Viazi ni vile vile. Katika mwili wa mutu au wa mbuzi, jina hilo linatajwa kwa nyama ya kiungo yenye kufanya kazi yenyewe: ya maini, ya figo, ya mapafu. Mishipa na ngozi yake ni kama nguzo za nyumba tu. Munganga wa zamani, Erasistratus, alifikiri nyama ile ni damu iliyomwagika kando ya mishipa ikaganda, na jina latoka huko. Alikosea, lakini jina lilibaki. Mwingereza Nehemiah Grew, katika miaka ya 1600, akalitumia kwa mimea.

Sasa tuje kwa yale yanayotuhusu. Ndani ya kila chumba cha muhogo muchungu kuna dawa yenye kulala, inaitwa linamarina. Katika kuta za vyumba kuna kitu kingine chenye kuiamsha. Muhogo ukiwa muzima, viwili hivi havikutani. Ukiulowesha, vyumba vinalegea, vinapasuka, vinakutana, na sumu ya sianidi inatoka, inakwenda na maji na hewa. Ndiyo maana mababu walilowesha siku tatu ao zaidi. Kuanika muzizi muzima kwa jua tu hakutoshi, maana vyumba vingi vinakauka bila kupasuka.

Na mutu akifupisha? Katika Kwango, mwaka 1938, munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao Wayaka wanauita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mutu analala muzima, asubuhi miguu yote miwili imekauka, na haiponi tena. Unakamata zaidi watoto na mama. Baadaye, katika Bandundu, barabara nzuri ya Kinshasa ilipofika, wanunuzi walikuja kwa haraka. Mama wakalowesha siku moja pahali pa tatu, na konzo ikaongezeka. Siwalaumu, franga ilikuwa inangoja mulangoni.

Mama wa Mongbwalu, unaona ninapofika. Wachimbaji wana njaa, unga unaisha mbele ya saa sita, na ndoo ya muhogo iko na usiku mumoja tu. Usiuuze. Wale wanaokula kwako hawana namna ya kuona sumu, na watoto wako wanakula chungu kile kile.

Ukinunua unga usiojua asili yake, kuna njia. Weka unga katika sahani, tia alama pale unapofika. Mimina maji, koroga. Unga utashuka kwanza. Ongeza maji mpaka urudi kwa alama. Tandaza mwembamba juu ya mukeka, saa mbili kwa jua ao saa tano kwa kivuli, kisha upike bugali siku ile ile. Njia hii ilitumika katika vijiji vya Kwango kuzuia konzo, na unga haupotezi utamu.

Sumu ndogo inayobaki, nani anaiondoa? Maini! Parenkima yake inaigeuza kuwa kitu kisicho kikali sana, kinachotoka kwa mukojo. Lakini kwa kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa inatoka katika maharagi, samaki, mayai. Bugali na sombe kidogo, siku zote, bila kingine, ni kuyatuma maini shambani bila jembe.

Maini yana neema moja: yakikatwa sehemu, yanaota tena. Ila lotoko ya miaka mingi inayajaza makovu, na kovu halifanyi kazi. Figo hazioti hivyo. Nawe baba unayechoma zahabu yenye merkiri ndani ya nyumba, moshi ule unaingia kwa mapafu yako na ya watoto, na kufika kwa figo. Chomea nje, mbali na jiko na watoto.

Kuhusu karatasi, mama: neno la kuangalia ni lile linalofuata parenkima. Likiwa tofauti na «kawaida», rudi kwa munganga, umuombe akueleze kwa Kiswahili.