Vioo vya Rangi: Kufufua si Kunakili

Wako wasomi wanaodai kwamba vioo vya rangi vilivyotiwa makanisani Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, si sanaa bali ni uigaji mtupu wa mambo ya kale. Dai hilo lilipata nguvu katika karne ya 20, hata madirisha mengi ya enzi hiyo yakang'olewa na kutupwa. Sisi twalikataa.

Fundi wa karne za kati alitumia kioo kilichotiwa rangi tangu kilipokuwa kikiyeyuka tanurini; akakikata vipande na kuviunganisha kwa risasi. Kufikia karne ya 18 wachoraji walikuwa wakipaka rangi juu ya kioo cheupe kana kwamba ni turubai. Rangi hizo zilizuia mwanga, na dirisha likafifia.

Waliotaka kuifufua sanaa hiyo walifuata njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kunakili. Kuanzia 1821, vioo vya kanisa la Chuo cha Winchester, kazi ya mwishoni mwa karne ya 14, vilipelekwa Shrewsbury vikarabatiwe. Vilivyorudi ni nakala. Michoro ilifuatwa, lakini kioo kilikuwa kingine. Je, huo ni ufufuzi? La hasha!

Ya pili ilikuwa kuchunguza. Charles Winston, mwanasheria wala si fundi, alitoa kitabu mwaka 1847 kupambanua mitindo ya vioo vya kale. Hakutosheka na mitindo. Alitaka vipande vya kale vipimwe na wakemia. Kutokana na vipimo hivyo, kiwanda cha Powell cha Whitefriars, London, kikayeyusha kioo kipya chenye uzito na kina cha rangi. Kioo cha kiwanda hicho ndicho kilichotumiwa na kampuni ya William Morris na wenzake, iliyoanzishwa 1861, kwa madirisha ya Edward Burne-Jones. Hayo si nakala: hakuna fundi wa karne ya 13 ambaye angaliyachora.

Hatukatai kwamba karakana nyingi zilirudia ruwaza zile zile kwa ajili ya soko, wala kwamba vioo vya kale viliondolewa ili vipya vipate nafasi. Lakini makosa ya wengi hayafuti kazi ya wachache. Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Nasi walimu wa Kiswahili jambo hili latuhusu. Anayemfundisha mwanafunzi kuhesabu mizani na kupanga vina tu, ampa ruwaza ya dirisha bila kioo. Hatuna budi kumfundisha kwanza uzito wa neno lenyewe. Hapo ndipo atakapotunga shairi ambalo wazee hawakupata kulitunga, na bado wangalitambua kuwa ni la ukoo wao.