Mshika mbili, nani kasema lazima moja imponyoke?

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Tumeambiwa nyumbani, tumeambiwa shuleni, na kila anayetaka kukupunguzia ndoto zako huanza na maneno hayo. Leo naomba nibishane kidogo na wahenga, na uwanja wa kubishania nimeuchagua mwenyewe: besiboli.

Msikimbie, wadau. Najua wengi wenu mpira kwenu ni wa miguu na mazungumzo ya Jumatatu ni ya Simba na Yanga, au ya Arsenal na Man U. Lakini hili ninalotaka kulisema linamhusu kila mtu aliyewahi kuambiwa akiwa na miaka 17: "Chagua moja."

Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi. Kuna mrushaji, anayevurumisha mpira kwa nguvu na ujanja. Kuna mpigaji, anayesimama na gongo akijaribu kuupiga mpira huo uende mbali. Ni kazi mbili tofauti kabisa, kama ilivyo tofauti kati ya kipa na mshambuliaji. Kwenye timu za shule, kijana mwenye kipaji kikubwa kuliko wenzake huzifanya zote mbili. Leo anarusha, kesho anapiga, na mara nyingi anafanya yote katika mechi moja. Akifika kwenye klabu za kulipwa anaulizwa: wewe ni mrushaji au mpigaji? Anayetoa jibu, mara nyingi, si yeye. Ni msaka vipaji aliyekaa jukwaani na daftari lake.

Kazi ya wasaka vipaji hawa siidharau. Wanasafiri mwaka mzima, wanakaa kwenye viwanja vya shule penye baridi na jua, na wanatakiwa kubashiri mtoto wa leo atakuwa mtu gani baada ya miaka mitano. Marekani wana mizani yao inayoanzia 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu. Mkono unapewa alama, mbio zinapewa alama, upigaji unapewa alama.

Tatizo ni kwamba vipaji viwili vya kijana mmoja havipimiki kwa urahisi ule ule. Mkono una mashine. Unaielekeza kwa mrushaji, mpira unatoka, namba inatokea papo hapo, na hakuna wa kubishana nayo. Upigaji hauna mashine ya namna hiyo. Kijana anaweza kupiga hom rani tatu wiki hii, lakini amempiga nani? Mrushaji wa shule ya jirani anayerusha kilomita 130 kwa saa hakuambii lolote kuhusu siku atakapokutana na mpira wa kilomita 155 unaopinda. Kumjua mpigaji kunahitaji muda na zamu nyingi. Ndiyo maana kijana mwenye vyote viwili mara nyingi huandikwa "mrushaji". Si kwamba upigaji wake ni mdogo. Mkono wake umepimika haraka zaidi, basi.

Sasa twende Japani, mwaka 2012, mkoa wa Iwate, shule ya sekondari ya Hanamaki Higashi. Pale alikuwapo kijana mrefu anaitwa Shohei Ohtani. Leo jina hilo linajulikana dunia nzima, lakini naomba tumtazame kama walivyomtazama wakati ule.

Katika mashindano ya masika ya shule pale uwanja wa Koshien, timu yake ilipangwa na Osaka Toin. Ohtani alimpiga hom rani Shintaro Fujinami, mmoja wa warushaji bora wa rika lake nchini humo. Lakini yeye mwenyewe alipokuwa anarusha alipoteza mwelekeo, akawapa wapinzani besi za bure 11, na wakafungwa 9 kwa 2. Msaka vipaji aliyemwona siku hiyo tu angeandika: huyu ni mpigaji.

Julai ya mwaka huo huo, katika mashindano ya mkoa, Ohtani alirusha mpira wa kilomita 160 kwa saa, mwendo usio wa kawaida kabisa kwa mwanafunzi wa sekondari. Msaka vipaji aliyemwona siku hiyo tu angeandika: huyu ni mrushaji.

Kijana ni yule yule, mwaka ni ule ule, hukumu ni mbili. Ipi ilikuwa sahihi? Zote mbili. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ningeweza kuishia hapa.

Lakini tuendelee, maana somo kubwa liko mbele. Oktoba 21 ya mwaka huo Ohtani alitangaza kwamba anataka kwenda moja kwa moja Marekani, na klabu za huko zilizomfuatilia zilimtazama zaidi kama mrushaji. Siku nne baadaye klabu za Japani zilikaa kuchagua wachezaji wapya. Alipokuwa mwaka wa kwanza pale shuleni, Ohtani alikuwa ameandika kwenye karatasi ya malengo yake kwamba anataka kugombaniwa na klabu nane. Siku ilipofika, iliyomtaja ilikuwa moja tu: Hokkaido Nippon-Ham Fighters. Nyingine ziliona hakuna haja ya kupoteza nafasi kwa kijana aliyekwisha kuaga.

Fighters walifanya nini? Hawakumwona kwa macho ambayo wengine hawakuwa nayo. Kipaji kilikuwa wazi, mwenye macho alikiona. Walichokuwa nacho ni mpango. Walimpelekea yeye na wazazi wake maelezo ya maandishi kuhusu njia ya kufikia ndoto yake, yakionyesha jinsi vijana waliokwenda ng'ambo moja kwa moja kutoka shule walivyohangaika. Kisha wakamwambia jambo ambalo wengine hawakuthubutu kuliweka mezani kwa uzito: hapa kwetu utarusha na utapiga. Kocha Hideki Kuriyama alilisimamia jambo hilo huku wakongwe wa mchezo wakilipinga waziwazi. Desemba, Ohtani akakubali.

Msimu wa kwanza, 2013, ulikuwaje? Ushindi 3 kama mrushaji na hom rani 3 kama mpigaji. Mwenye haraka angesema: si tuliwaambia? Fighters hawakusema. Mwaka 2014 akapata ushindi 11 na hom rani 10. Mwaka 2016 ushindi 10, hom rani 22, tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake, na klabu ikawa bingwa wa Japani. Yaliyofuata Marekani tangu 2018 mnayajua, au mtayapata mkitafuta. Mimi nautaka ule msimu wa hom rani 3. Pale ndipo mpango ulipojaribiwa, na pale ndipo klabu nyingi zingekata tamaa.

Linganisheni na Marekani. Mwaka 2008 Boston Red Sox walimchukua Casey Kelly kutoka sekondari ya Sarasota, Florida. Yeye alipenda kucheza uwanjani na kupiga, klabu ilimpenda kama mrushaji. Wakafanya suluhu: msimu wa 2009 nusu ya kwanza arushe, nusu ya pili apige. Upigaji wake ukawa hafifu, na baada ya msimu ule akawa mrushaji moja kwa moja. Alifika Ligi Kuu mwaka 2012 na baadaye akajijengea heshima Korea Kusini. Si maisha mabaya. Lakini nauliza: nusu msimu mmoja ni jaribio au ni kumridhisha mtoto ili anyamaze?

Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Hunter Greene, kijana wa miaka 17 kutoka Los Angeles. Jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada lake akiwa bado mwanafunzi. Mkono wake ulifikia kilomita 164 kwa saa, na alikuwa pia mpigaji na mlinzi mzuri wa uwanja wa ndani. Cincinnati Reds wakamchukua wa pili katika nchi nzima na kumpa zaidi ya dola milioni 7. Kiangazi hicho akapewa zamu 30 hivi za kupiga. Zamu 30, basi. Tangu hapo ni mrushaji tu.

Najua mtakachosema. Greene amekuwa mrushaji wa kiwango cha juu, sasa kuna kosa gani? Na Ohtani ni mmoja katika karne, huwezi kuendesha klabu kwa kusubiri miujiza. Hoja hiyo ina uzito. Wengi wa vijana hawa wataishia kwenye kazi moja, na mimi sipingi. Masyn Winn wa Texas alichukuliwa na St. Louis Cardinals mwaka 2020 akiwa na mkono wa kurusha kilomita 158 kwa saa. Akaonja kurusha katika ligi za chini, kisha akabaki kuwa mlinzi na mpigaji, na leo ni miongoni mwa walinzi bora wa nafasi yake. Moja ilimponyoka, na hakuna msiba.

Ninachogomba ni mpangilio wa mambo. Uamuzi uje baada ya ushahidi. Kijana akishindwa kupiga mbele ya warushaji wa kweli, kwa zamu mia kadhaa, hapo gongo litakuwa limejisemea lenyewe. Lakini kumnyang'anya gongo kwa sababu mashine imeonyesha namba nzuri kwenye mkono, huo ni uvivu uliovaa suti ya utaalamu.

Kuna na hoja ya majeraha: kwamba kufanya kazi mbili kutamvunja. Tazameni vizuri. Warushaji wanaorusha tu nao wanapasuliwa viwiko kila mwaka. Greene alifanyiwa upasuaji mwaka 2019 na hakucheza mechi hata moja msimu ule, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Ohtani alipasuliwa Septemba 2023, na msimu wa 2024 hakurusha mpira hata mmoja kwenye mechi. Akapiga hom rani 54, akaiba besi 59, akachukua tuzo ya mchezaji bora. Ile kazi ya pili iliyodaiwa ingemwangusha ndiyo iliyombeba.

Kwa hiyo ningekuwa mkuu wa wasaka vipaji wa klabu yoyote, ningeagiza mambo matatu. La kwanza, kijana wa aina hii aonwe siku anayorusha na siku asiyorusha. Ukienda siku za kurusha tu umemwona nusu, kisha unaandika ripoti ya mtu mzima. La pili, ripoti ziwe mbili na waandishi wawili wasioambiana alama, ili mng'aro wa mkono usimpofushe anayetazama gongo. La tatu, na hili ndilo kubwa, kabla kijana hajasaini apewe mpango wa maandishi: utapata zamu ngapi za kupiga, inningi ngapi za kurusha, kwa misimu mingapi, ndipo tukae tuamue. Uamuzi huo ukifika, na yeye awe mezani.

Hata sheria sasa zimeanza kuelewa. Ligi Kuu ya Marekani imeweka daraja rasmi la mchezaji wa kazi mbili, naye hahesabiwi kwenye idadi ya warushaji ambayo timu inaruhusiwa. Maana yake klabu yenye mtu kama huyo inapata nafasi ya ziada kikosini. Ikiwa ndoto ya kijana haiwagusi, basi hesabu na iwaguse.

Na msidhani haya ni ya Wajapani na Wamarekani peke yao. Mwaka huo huo wa 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Pennsylvania. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisaini vijana wawili wa Uganda. Wasaka vipaji wameshafika Afrika Mashariki na daftari zao. Kijana wa huku ana nguvu ndogo zaidi ya kubishana, kwa sababu Mmarekani asiporidhika na mkataba anaweza kwenda kucheza chuo kikuu. Wetu akikataa, anarudi wapi? Ndiyo maana mpango wa maandishi unamhitaji yeye kuliko yeyote.

Wengi wetu tuliulizwa swali kama hili mapema: sayansi au sanaa? Likajibiwa kwa matokeo ya mtihani mmoja, na aliyelijibu mara nyingi alikuwa mwalimu au mzazi. Baadhi yetu tuliwekwa mahali pazuri. Wengine bado wanajiuliza ile nyingine ingekuwaje.

Wahenga nawaheshimu. Ni kweli mshika mbili moja huweza kumponyoka. Lakini kuponyokwa ni tofauti na kunyang'anywa. Ikimponyoka, atajua alijaribu. Ikinyang'anywa na mtu mwenye daftari kabla hata hajaishika vizuri, hiyo si hekima ya wahenga.

Nyie mnaonaje, wadau?