Chai ya Miaka Kumi Kwenye Ndoa ya Miaka Miwili

Kama mmenuniana tangu jana, someni hii pamoja, huenda mkajikuta mnacheka.

Mwezi huu nimepata swali ambalo halijawahi kufika kwenye meza hii. Limetoka Masieda, kule Mbulu mkoani Manyara, kwa msomaji wetu ambaye ni mwalimu. Nimelifupisha kidogo:

"Dada Mhariri, mume wangu alikuwa China masomoni mwaka mmoja. Amerudi na zawadi: visahani viwili vya majani meusi yaliyoshindiliwa, vimefungwa kwenye karatasi yenye maandishi ya Kichina. Anasema ni chai ya miaka kumi na ni ya heshima. Mama mkwe ameinusa akasema imeoza, itupwe kabla haijamdhuru mjukuu wake. Mume amekasirika, eti tumemdharau. Sasa rafiki yake wa Arusha anamshawishi tuchukue milioni tatu tulizoweka za kununulia bati, tuagize mzigo mzima, kwa sababu hiyo chai inapanda bei kila mwaka na inakata tumbo. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na bado nanyonyesha. Niinywe, niitupe, au tutoe hela?"

Mdogo wangu, hapo kuna maswali matatu, na lile la hela ndilo lenye moto. Ila huwezi kubishana kuhusu hela kama hujui kitu chenyewe ni nini. Tuanzie hapo.

Haijaoza, imechachuka

Hiyo chai inaitwa Pu'er, jina la mji wa jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China, ambako ilikuwa ikikusanywa na kuuzwa. Tangu 2008 sheria ya China inasema jina hilo ni la chai ya Yunnan tu, iliyotokana na mchai wa majani mapana na kukaushwa juani. Cha kufurahisha, mchai huo wa majani mapana ni ndugu wa karibu wa ile tuliyonayo Mufindi, Rungwe na Lushoto. Tofauti iko kwenye mapishi.

Chai yetu ya kawaida hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa ipigwe na hewa mpaka igeuke rangi, halafu hukaushwa kwa moto. Viwandani wengi huita hatua hiyo kuchachusha, lakini hasa ni kama ndizi uliyoimenya ikageuka rangi mezani. Hakuna vijidudu vinavyofanya kazi pale. Kwenye Pu'er vijidudu ndio mafundi wenyewe: aina za ukungu, hamira na bakteria wanakula na kubadilisha majani taratibu, ule ukali unapungua na ladha inakuwa nzito na laini.

Hapo ndipo pa kumwendea mama mkwe kwa heshima, bila kumwambia hajui. Yeye anajua kuchachusha kuliko mimi na wewe. Muulize maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu yameoza au yameiva. Atakuambia yameiva, na atakuambia pia kibuyu kipi kimeharibika na kipi kizuri. Chai hii ni hivyo hivyo: kuna iliyoiva na kuna iliyoharibika, na pua ya mama haikukosea kuuliza.

Mbichi na iliyoiva

Pu'er zipo za aina mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa.

*Sheng*, yaani mbichi, hukaushwa juani, hulainishwa kwa mvuke, hushindiliwa, kisha huachwa ibadilike yenyewe kwa miaka. Ikiwa changa ni chungu na kali kooni. Ikitunzwa vizuri miaka kumi, kumi na tano au zaidi, inatulia.

*Shou*, yaani iliyoivishwa, ni mtoto wa juzi. Mwaka 1973 wataalamu wa kiwanda cha Kunming walianza njia ya kuharakisha: majani hulundikwa, hunyunyiziwa maji, hufunikwa, na kugeuzwa kila baada ya muda kwa kama siku 45 hadi 60. Lundo linapata joto kama lundo la mboji na chai inaiva. Shou inanyweka baada ya mwaka mmoja au miwili tu. Haihitaji miaka 20, na anayekutoza bei ya miaka 20 anakutoza hadithi.

Utajuaje ya mume wako ni ipi? Bandua kipande kidogo, mimina maji yaliyochemka. Shou inatoa rangi nyeusi yenye wekundu, karibu na kahawa, ndani ya nusu dakika. Sheng changa inatoa manjano kama asali nyepesi, na iliyokaa inaelekea rangi ya chungwa na kahawia.

Mambo matano ya kuangalia kabla ya kulipa

1. Tarehe, siyo namba kubwa. Kwenye karatasi nyingi utaona namba kama 7542 au 7572. Muuzaji mjanja atakuambia ni chai ya 1975. Si kweli. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka ambao mchanganyiko huo ulibuniwa, ya tatu ni daraja la majani, na ya nne ni kiwanda. 2 ni Menghai. Mchanganyiko wa 7542 unatengenezwa mpaka leo. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, na mwombe mume asome kama alijifunza Kichina kidogo.

2. Harufu. Nzuri inanukia udongo uliopata mvua, mbao kavu, au tende. Shou mpya inaweza kuwa na kashombo ka samaki. Iache kwenye hewa wiki chache, itapungua. Ikinuka uvundo wa nguo zilizokaa na maji, achana nayo.

3. Ukungu unaoonekana. Manyoya meupe, ya kijani au meusi juu ya kisahani maana yake itupwe, hata kama ni zawadi ya waziri.

4. Maji ya chai. Yawe na rangi kali lakini angavu. Yakiwa na tope hata baada ya kuyamwaga ya kwanza, kuna tatizo.

5. Majani baada ya kunywa. Yafungue kwa vidole. Yanatakiwa yawe laini na yanavutika. Yakiwa magumu kama mkaa, au yakipondeka kama uji, yaliungua au yaliivishwa vibaya.

Kisahani cha kawaida kina gramu 357, na saba hufungwa pamoja kupata karibu kilo mbili na nusu. Umbo hilo lilirahisisha safari za misafara ya farasi na nyumbu kupanda milima hadi Tibet.

Maji ya kwenu na meno ya mtoto

Hili wauzaji hawalisemi, na kwako wewe uliye Manyara ndilo la muhimu kuliko yote.

Mchai unafyonza madini ya floraidi kutoka ardhini na kuyaweka kwenye majani. Kadiri jani linavyozeeka, ndivyo linavyokuwa nayo mengi. Chai ya matofali ya bei rahisi hutengenezwa kwa majani makubwa yaliyokomaa, na huko Tibet na Mongolia ya Ndani watu wanaoinywa kwa wingi kila siku wamepata madhara ya meno na mifupa. Sasa weka hilo pamoja na maji yetu. Ukanda wa Bonde la Ufa, Arusha na Manyara ikiwemo, una visima vyenye floraidi zaidi ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Yale meno ya kahawia tunayoyaona kwa ndugu zetu wa kaskazini hayakutokana na uchafu. Yalitokana na maji waliyokunywa wakiwa wadogo.

Na usije ukadhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, tena maji yakipungua inazidi kukolea. Basi fanyeni hivi: chai hii ipikwe kwa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Kisima chenu, ulizeni ofisi ya maji kama kimepimwa. Mkinunua, chagueni ya majani machanga na vichipukizi, muache tofali la majani makubwa yenye vijiti. Na mtoto asipewe kabisa, hata kijiko cha kuonja. Meno yake ya ukubwani yanaanza kujengwa sasa hivi ndani ya fizi.

Wewe unayenyonyesha, kikombe kimoja au viwili kwa siku si shida kwa wengi, kwani ina kafeini kama chai nyingine. Mtoto akikosa usingizi, punguza. Na usiinywe pamoja na mlo. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga, na mama anayenyonyesha anahitaji damu yake. Subiri kama saa moja baada ya kula.

Eti inakata tumbo?

Hapana, si kwa namna unayoahidiwa. Ukiacha soda mbili za sukari kila siku ukanywa chai hii bila sukari, utapungua kwa sababu ya soda uliyoiacha. Zile pakiti za "chai ya kupunguza unene" ni kitu kingine: nyingi huwekwa sanamaki, ambayo kazi yake ni kuharisha. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, kesho kilo zinarudi. Anayenyonyesha asizisogelee bila kuongea na daktari.

Na zile milioni tatu?

Haya, tumefika kwenye moto. Ni kweli kuna Pu'er zinazouzwa ghali sana, na ni kweli kuna watu walipata utajiri. Lakini rafiki wa Arusha kakusimulia nusu ya hadithi. Bei ilipanda miaka mingi mfululizo, watu wakanunua bila hata kuonja, wakajaza vyumba. Mwaka 2007 bei ikaporomoka. Wafanyabiashara wengi wakabaki na mizigo ambayo hakuna aliyeitaka, na wakulima wa Yunnan wakaumia. Mnakumbuka kware wa 2014? Yai lilikuwa dhahabu, baada ya miezi michache hakuna aliyelitaka hata kwa kuonja. Ni wimbo ule ule.

Zaidi ya hapo, Masieda mtamuuzia nani? Chai inayopanda thamani ni ile yenye historia inayothibitika na mnunuzi anayeijua. Na ukiingiza chakula nchini kwa ajili ya kuuza, unakutana na TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa vyakula badala ya iliyokuwa TFDA. Milioni tatu inaweza kukaa bandarini huku mvua inawanyeshea ndani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: bati kwanza. Lakini usimwambie mume mbele ya rafiki yake, wala mbele ya mama. Mwambie mkiwa wawili, na uanze na shukrani. Alichokasirikia siyo chai. Mtu amebeba kitu kwenye begi kutoka mbali akiwazia uso wako utakavyofurahi, halafu kikaitwa takataka sebuleni. Ukishamrudishia heshima ya zawadi yake, atakusikiliza kuhusu hela. Ukianza na hela, atamtetea rafiki yake mpaka asubuhi.

Jinsi ya kuitunza na kuinywa

Pu'er inavuta harufu kama pamba inavyovuta maji. Mbulu ni nyumbani kwa vitunguu saumu, kwa hiyo isikae stoo moja na magunia yake, wala jikoni kwenye moshi, wala karibu na sabuni, mafuta ya taa au udi. Iache kwenye karatasi yake, iweke ndani ya chungu kikavu cha udongo kisicho na harufu, funika kwa kitambaa. Msiifunge kwenye nailoni, inahitaji hewa kidogo. Baridi na ukavu wa kwenu utaifanya ikomae polepole, lakini salama. Wasomaji wa Dar na Zanzibar ndio mnatakiwa kuikagua kila mwezi, maana unyevu wa pwani unaleta ukungu haraka.

Kuinywa, chomeka kisu chembamba ubavuni mwa kisahani na ubandue bila kuponda, ncha isielekee mkononi. Kijiko kimoja kinatosha kwa kikombe kikubwa. Mimina maji yanayochemka, hesabu mpaka kumi, yamwage. Hayo ni ya kuosha. Mimina tena, subiri dakika tatu, chuja. Majani yale yale yatatoa kikombe cha pili na cha tatu, kwa hiyo kisahani kimoja kitawachukua miezi. Mama akitaka maziwa, mwekee. Watibeti wanaweka siagi na chumvi, sembuse maziwa!

Jumamosi hii, mtoto akishalala, mwombe mume aipike yeye mwenyewe na akusimulie habari za China. Mwaka mzima mlikuwa mbali, nina hakika kuna mengi ambayo hamjasimuliana. Hesabu za bati zipigwe kwenye kikombe cha pili.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane.