Windows 10 imefikia ukomo, wenye kompyuta Kyela wachague lipi?

WENYE kompyuta za nyumbani na za steshenari, kuanzia Kyela mjini hadi Matema kandokando ya Ziwa Nyasa, ambao bado wanatumia Windows 10, wanakabiliwa na uamuzi usioweza kuahirishwa daima: kuhamia mfumo mpya, au kubaki na ule waliouzoea.

Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo Oktoba 14, 2025, miaka kumi tangu ulipoingia sokoni Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya kila mwezi yanayoziba mianya ya usalama.

Madhara ya mwanya usiozibwa yalionekana Mei 2017, virusi vya WannaCry viliposhambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Marekebisho yalikuwa yametolewa Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuyaweka.

Kwa Kyela jambo hili si la wataalamu peke yao. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao, au kijana anayetafuta ajira serikalini, mara nyingi hutegemea kompyuta ya steshenari. Humo huacha namba ya kitambulisho, vyeti na nywila yake. Kompyuta hiyo ikivamiwa, anayeumia si mwenye duka pekee.

Kwa nini basi wote wasihamie Windows 11? Kikwazo ni kompyuta yenyewe. Mfumo huo unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa kawaida prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017, hivyo kompyuta za mtumba zilizotengenezwa kabla ya hapo huachwa nje. Zipo mbinu za kulazimisha, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba kompyuta hizo zitaendelea kupata marekebisho.

Kwa wenye kompyuta za nyumbani, kampuni hiyo ilitangaza mpango wa nyongeza hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Hiyo ni nafuu ya muda, si tiba.

Njia nyingine ni Linux, isiyolipiwa leseni. Linux Mint, kwa mfano, huridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Wala si ngeni nchini: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Hata hivyo, baadhi ya programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows zinaweza kukataa kufanya kazi humo.

Kwa hiyo, mwenye kompyuta inayokidhi vigezo ahamie Windows 11, akijiandaa kwa bando la gigabaiti kadhaa. Mwenye kompyuta kuukuu ya kuandikia barua na kuingia mtandaoni aijaribu Linux kwa flashi kabla ya kuamua. Na yeyote kati yao ahifadhi kwanza nakala za mafaili yake kwenye diski ya pembeni.

Anayehudumia umma hana hiari ya kusubiri, kwani siri anazozihatarisha si zake.