Uliza Bei Kabla ya Machozi

Mtu akienda soko la Kongowea kununua fungu la nyanya, atauliza bei, atapinga, atageuka kama anayeondoka, ataitwa, atarudi. Akimpelekea fundi cherehani kitambaa cha Idi, watapatana kwanza, atatoa arubuni, ataambiwa siku ya kuchukua nguo. Mtu huyo huyo akiingia ofisini kwa mshauri nasaha, anakaa, anamwaga yote aliyoyabeba, halafu anasimama mlangoni na pochi mkononi, ameinamisha macho. Hajui atalipa ngapi. Hajui akikosa kuja wiki ijayo itakuwaje. Na mshauri naye anaona vibaya kutaja shilingi mbele ya mtu ambaye kope zake hazijakauka.

Nawaandikia kuwaomba tuiondoe aibu hiyo, sisi tunaokwenda na wao wanaotupokea.

Mimi imenigharimu. Nilianza kwenda baada ya arobaini ya mamangu, usingizi uliponikataa. Ofisi ilikuwa hapa hapa Mombasa. Jina silitaji, maana nusu ya kosa ilikuwa yangu. Siku ya kwanza sikuuliza chochote, nao hawakunieleza zaidi ya nambari ya kulipia kwa simu. Wiki ya tatu ikaangukia harusi ya mpwa wangu. Sikwenda, wala sikupiga simu. Nani anakumbuka simu siku ya kuosha mchele wa watu mia tatu? Wiki ya nne nikamkuta karani ananingoja. “Mama, leo utalipa vikao viwili.” Nikamuuliza, hicho cha pili ni cha nani, na mimi sikuja? “Ndio utaratibu wa ofisi, mama.” Nililipa kimoja, nikakikaa chote nimenuna, nikatoka. Sikurudi kwa mshauri yeyote kwa miezi minne. Miezi minne ya kuhesabu mapaa ya jirani alfajiri, kwa ajili ya sentensi moja ambayo hakuna aliyenisomea.

Ofisi ya pili nilipokewa na binti wa umri wa kuwa mwanangu. Akaniamkia, akanikalisha, akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiswahili. “Kabla hujaniambia lililokuleta, mama, nikusomee tutakavyofanya kazi.” Ilichukua kama dakika kumi. Kikao ni dakika 50, wala si saa kamili, kwa sababu zile kumi anaandika kumbukumbu zake na kuvuta pumzi kabla ya mwingine kuingia. Bei ni kadhaa, inalipwa siku hiyo hiyo, risiti inatolewa. Ukitaka kuahirisha, toa habari saa 24 kabla. Usipotoa habari na usije, utalipia. Hapo akanyamaza, akanitazama. “Una neno, mama?”

Nilikuwa nayo mengi, na alinijibu yote. Saa yake, alisema, haiwekwi kwenye friji ikauzwa kesho. Dereva wa matatu akiachwa na abiria mmoja atampakia mwingine stendi inayofuata. Yeye hana stendi, amewakataa wengine ili ile saa tisa ya Alhamisi iwe yangu. Baadaye nilifanya hesabu mwenyewe. Tuseme mshauri ana watu 5 kwa siku kwa siku 5, jumla 25 kwa juma. Watano wakikosa bila habari, moja ya tano ya riziki yake imekwenda, na mwenye nyumba hatapunguza moja ya tano ya kodi. Humo humo kuna ada ya leseni, kuna masomo, na kuna jambo ambalo wengi hatulijui: mshauri makini naye huenda kwa msimamizi wake wa kitaaluma kujadili kazi yake na mzigo unaomlemea, na mara nyingi humlipa.

Utaratibu huu haukubuniwa Nairobi wala Mombasa ili kutukamua. Mwaka 1913 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya mazungumzo kwa namna inayojulikana leo, aliwaandikia wenzake jinsi ya kumpokea mgonjwa mpya. Kila mgonjwa, alisema, apewe saa yake maalumu, na saa hiyo ni mali yake: ailipie hata asipoitumia. Akajitetea kwamba walimu wa muziki na wa lugha wa mji ule walifanya vivyo hivyo bila mtu kushangaa. Ila lililonigusa zaidi ni jingine katika andiko hilo hilo. Aliona kwamba watu waungwana huzizungumzia fedha kama wanavyozungumzia mambo ya chumbani, kwa kuficha na kwa unafiki, na kwamba tabibu anapaswa kuzitaja waziwazi tangu mwanzo, ili mgonjwa naye ajifunze kusema waziwazi.

Na sisi kwa nini tuone haya? Mganga wa zamani hakuingia msituni kutafuta mizizi kabla hajapewa kiingiaporini. Fundi alipewa kilemba mwanafunzi wake alipohitimu. Harusini mama wa bibi arusi ana mkaja wake, na hakuna anayemwita mroho. Watu wa pwani hii walikipa kila kitolewacho jina lake na wakati wake, na kwa kuwa kilikuwa na jina hakikuzua ugomvi. Lugha ya kutaja malipo tunayo. Tulichokosa ni kuibeba hadi mlango wa mshauri.

Basi ombi langu la kwanza ni kwako ndugu msomaji unayefikiria kwenda, au unayemsindikiza mtu. Uliza kwenye simu ile ya kwanza kabisa, kabla hujapanda gari. Kikao ni shilingi ngapi, na ni cha dakika ngapi? Nikichelewa dakika ishirini nitaongezewa muda au kikao kitaisha saa ile ile? Mara nyingi kitaisha saa ile ile, maana kuna mwingine anangoja nje. Bei hupanda lini, na nitaarifiwa muda gani kabla? Ripoti ya shule au ya mahakama inalipiwa kando? Usione kwamba unamvunjia mtu heshima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa kila mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kunufaika nayo. Na uliza leseni. Tangu sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 kuna bodi inayowasajili, na mwenye cheti cha kweli hukitundika ukutani kwa furaha. Asiyekuwa nacho atakueleza habari ndefu.

Ombi la pili ni kwenu washauri. Karatasi mnayo, ya baadhi ya ofisi zenu nimeiona, imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, inawekwa mbele ya mtu aliyefiwa atie sahihi. Isomeni kwa sauti, kwa lugha ya anayesikiliza. Bei iwekeni ukutani kama duka la dawa. Na ada ambayo haikutajwa siku ya kwanza isidaiwe siku ya nne. Kama mlisahau kusema, hasara ni yenu. Iandikeni pia huruma yenu, isiwe ya kubahatisha. Mtoto aliyeamka na homa kali, mafuriko, barabara iliyofungwa kwa maandamano, hayo yawe na mstari wake kwenye karatasi, ili isiwe mpole analipa na mkali anasamehewa.

Kuna sehemu ya karatasi ile ambayo ni nzito kuliko bei, nayo ni siri. Binti yule aliniambia: yasemwayo humu hayatoki. Kisha akanitajia lini yanaweza kutoka: akiona nataka kujiua au kumdhuru mtu, akisikia kuna mtoto anayetendewa uovu, au mahakama ikiamuru. Wengine hudhani mshauri anayetaja mipaka ya siri anawatisha. Mimi naona kinyume chake. Anayekuambia siri haina mpaka wowote ama hajui kazi yake ama anakudanganya, na utakuja kujua siku mbaya.

Hofu ya kumwambia mshauri kwamba unataka kujiua ilikuwa na msingi hapa kwetu. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Fikiria mtu huyo ameketi mbele ya mgeni mwenye kalamu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo uliza leo, bila kunong’ona: nikikwambia nimechoka kuishi, utafanya nini, utampigia nani? Mshauri mzuri atakujibu hatua kwa hatua. Na ofisi ya mtu mmoja si mahali pa dharura; saa nane za usiku haina mtu. Laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, haitozi kitu, nayo iandike kwenye simu yako hata kama wewe ni mzima wa afya.

Kuhusu watoto, uliza mapema. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji idhini ya mzazi au mlezi, lakini mzazi anayelipa hanunui kila neno la mwanawe. Elewaneni wote watatu, mtoto akiwepo, nini kitasemwa nje na nini kitabaki ndani.

Jambo moja dogo lilinichekesha. “Tukikutana sokoni Marikiti, mama,” binti alisema, “sitakusalimia mpaka unisalimie wewe.” Katika mji ambao kupita mtu bila salamu ni tusi linaloweza kufikishwa kwa wazee! Ila nikaelewa. Shemeji yangu akiwa kando yangu ataniuliza, huyu umemjulia wapi? Hadi leo tunapitana kwenye mafungu ya iliki kama watu tusiojuana, na nakiri kwamba kila mara huona raha kidogo, kama watoto wenye maficho yao.

Bima nitaisema kwa ufupi. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mwenye maradhi ya akili haki ya kupata bima ya matibabu, ya serikali au ya binafsi. Haki ikiwa kwenye karatasi, simu ipige wewe: uliza kampuni yako inalipa vikao vingapi na kwa mshauri yupi. Na uliza mshauri ataandika nini kwenye fomu, maana jina la ugonjwa litasomwa na watu usiowajua.

Sasa lililo gumu. Wako ambao hata bei ikitajwa vizuri kiasi gani, hawana. Freud huyo huyo aliandika kwamba kwa kama miaka kumi alitenga saa moja au mbili kila siku za kutibu bila malipo, na akaona kwamba tiba ya bure ina matatizo yake. Lakini mwaka 1918, vita ikielekea mwisho, alisimama mbele ya wenzake Budapest akasema itafika siku maskini apate msaada wa nafsi yake kama apatavyo wa upasuaji, na bila malipo. Hawakukaa kusubiri. Mwaka 1920 wanafunzi wake walifungua kliniki Berlin ambako mtu alilipa anachoweza, na asiyeweza hakulipa. Kwa hiyo bei ya kupanda na kushuka kwa uwezo wa mtu si mchezo wa kubembeleza wateja. Ni desturi yenye zaidi ya miaka mia. Ofisi kadhaa hapa kwetu hutenga saa chache za bei ya chini kila juma. Hazitangazi. Uliza: “Mna saa za nafuu?” Hospitali za serikali nazo, kama Port Reitz kule Changamwe, zina kitengo cha afya ya akili.

Na wewe uliyejaliwa, nina ombi la tatu. Tunachanga kwa mazishi, kwa harusi, kwa bili ya hospitali, mpaka simu inachoka kwa vikundi vya michango. Chama chako cha akina mama, kamati ya msikiti, jumuiya ya kanisa, chama cha waendesha bodaboda, kinaweza kulipia vikao vinne kwa mwezi katika ofisi moja mnayoiamini. Pesa ziende kwa ofisi moja kwa moja. Mwekahazina aonyeshwe risiti yenye idadi ya vikao, isiyo na jina. Msidai kujua nani alinufaika, wala msimwombe aje kushukuru. Najua hilo litatuwia vigumu; sisi tumezoea kusomewa majina ya waliochanga.

Alhamisi iliyopita nilipata safari ya ghafla ya Lamu. Safari yenyewe ilikuwa Ijumaa, siku ambayo sasa ndiyo ya kikao changu, saa tisa. Nikapiga simu Alhamisi saa nne asubuhi, saa 29 kabla. Nilizihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Karani akanishukuru, akaniandikia Jumanne. Kabla hajakata nikamsikia akimwita mtu ukumbini: “Kaka, usiondoke. Kesho saa tisa imepatikana.”